Kuhamia Mtwara au Lindi ukiwa kijana: anza na kalenda, nauli baadaye

Kila ukiingia mwezi wa tisa simu yangu huanza kuita kutoka nyumbani Sengerema. Mara binamu, mara mtoto wa jirani, mara niliyesoma naye kidato cha nne, na wote wana swali moja: "Dada, tunasikia pesa ya korosho inakaribia kutoka huko Kusini. Nije?" Nawajibu kwamba walipaswa wawe wameshafika tangu Juni. Wengine hukata simu wakiamini nimewabania.

Mimi ni fundi cherehani. Nilihamia Mtwara Mjini nikiwa na miaka 23, nikakaa miwili, sasa niko Masasi. Kutoka Ziwa hadi huku ni kutoka kona moja ya nchi kwenda kona nyingine, na sikuwa na ndugu hata mmoja wa kunipokea. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angenikalisha chini aniambie kabla sijakata tiketi. Yanamfaa zaidi anayekuja kujitafutia, ila mwenye barua ya ajira naye nimemwekea sehemu yake.

Hatua ya 1: Ijue pesa ya huku inatembea lini

Kwetu Ziwa pesa ni ya kila siku. Dagaa wakivuliwa leo, kesho mtu ananunua kitenge. Kusini pesa inakuja kwa mafungu, na usipoyajua mafungu hayo utaona mji umekukataa kumbe umekuja siku mbaya.

Mvua huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hakuna vuli na masika kama tulivyozoea. Februari hadi Aprili mifuko mingi imekauka. Korosho zimeshauzwa, ada za shule zimeshalipwa, shamba la chakula bado bichi. Ukifungua kibanda mwezi wa tatu utashinda unahesabu pikipiki zinazopita.

Mvua zikikata, kazi zinaanza. Kuanzia Mei na Juni wenye mikorosho wanapalilia na kupulizia salfa, na vijana wenye mashine za kupulizia wanapata vibarua. Upande wa Lindi, yaani Kilwa, Nachingwea, Ruangwa na Liwale, huo ndio wakati wa ufuta, kwa hiyo pesa yao ya kwanza inaingia Juni na Julai. Baada yake zinafuata mbaazi. Halafu Oktoba minada ya korosho inafunguliwa, na hapo ndipo Newala, Tandahimba na Masasi zinapobadilika sura: bati zinanunuliwa, godoro zinapakiwa kwenye bodaboda, harusi tatu kwa wiki. Ikifika Januari kelele zinaanza kupungua.

Kuna jambo wageni wengi hawalielewi. Tangu mwaka 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, unapelekwa ghala kuu, unauzwa mnadani, na malipo yanaingia kwenye akaunti yake ya benki baadaye. Kati ya siku ya kupeleka mzigo na siku ya kushika pesa kuna kungoja. Kwa hiyo mteja atakwambia, "Nishonee, nikilipwa korosho nakupa," na anasema kweli. Usimkatalie, ila muulize maswali mawili: AMCOS gani, na mzigo wake uko mnada wa ngapi? Aliyepeleka mzigo kweli hujibu hapo hapo: "Uko mnada wa tatu." Anayejiuma-uma, mwambie alete nusu kwanza. Mimi daftari langu la madeni lina safu ya mnada, na fununu ya kwanza ya pesa ikisikika najua nianzie kwa nani.

Wala usidhani Oktoba ni ahadi iliyoandikwa. Wenyeji watakusimulia msimu wa 2018, wanunuzi waliposusia bei, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na malipo ya wengi yakachelewa kwa miezi. Waliokuwa wamekopesha mtaa mzima waliumia pamoja na wakulima.

Kwa nini basi nasema Juni? Vyumba viko wazi na wenye nyumba wanasikiliza. Barabara imekauka. Na unapata miezi mitatu minne ya kufahamika kabla pesa haijaja, maana hakuna atakayempelekea sare za harusi fundi aliyemwona jana. Anayefika Oktoba anakuta vyumba vimejaa, bei zimepanda, na kazi zimeshagawiwa.

Hatua ya 2: Chagua mji, usichague mkoa

"Nahamia Mtwara" ni kauli ya mtu ambaye bado hajaamua. Mtwara Mjini na Newala ni maisha mawili tofauti kabisa.

Mtwara Mjini ni mji wa bandari, uliopangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walipokuwa na ndoto yao ya kulima karanga Nachingwea. Ndiyo maana barabara zake ni pana na zimenyooka, na mitaa imetawanyika kiasi kwamba mgeni anahisi mji hauna watu. Reli ya karanga iling'olewa zamani, mji ukabaki. Sasa una bandari iliyopanuliwa, kiwanda kikubwa cha saruji, vyuo, ofisi, na gesi ya Mnazi Bay. Mwenye cheti cha ufundi, uhasibu au udereva wa magari makubwa aanzie hapo. Ila mji una joto la unyevunyevu, na chumvi ya bahari inakula chuma. Cherehani yangu niliipaka oili kila baada ya siku mbili. Hapa Masasi naipaka mara moja kwa wiki.

Masasi ni njia panda: ya kwenda Mtwara, ya Newala, ya Nachingwea, na ile ya Tunduru hadi Songea. Kwa biashara ndogo naipenda kuliko sehemu zote, kwa sababu hata korosho zikilala, abiria hawalali. Upande wa Mangaka kuna barabara inayokwenda Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja la kuvukia Msumbiji.

Newala na Tandahimba ziko juu, uwanda wa Makonde. Huko ndiko korosho zenyewe ziliko. Kuna baridi ya kutosha kukufanya ujute kuacha sweta, na ukisimama Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma chini yako mpaka macho yachoke. Tatizo la uwanda ni maji, nitalirudia kwenye chumba.

Lindi Mjini ni tulivu mno kwa kijana anayetafuta, hiyo ni tabia ya mji wenyewe na wenyeji wasinichukie. Ruangwa imechangamka. Kilwa Masoko inamfaa mwenye shughuli za samaki au wageni wanaokuja kuona magofu ya Kisiwani.

Neno moja kuhusu gesi asilia ya kusindikwa Lindi. Mradi huo umezungumzwa miaka mingi, na kila ukitajwa redioni kuna kijana anafunga begi na dalali anapandisha bei ya viwanja. Ukisikia ajira zimetangazwa rasmi, omba ukiwa kwenu. Usihamie uvumi.

Hatua ya 3: Kama una barua ya ajira, isome mara tatu

Majina ya huku yatakuchanganya. Nanyamba, Nanyumbu, Nanguruwe, Naliendele, Nachingwea, Nanganga: nusu ya ramani inaanza na "Na". Nanyamba iko njia ya kutoka Mtwara kwenda Tandahimba. Nanyumbu iko mbele ya Masasi, na makao makuu yake ni Mangaka. Nilipokuwa Mtwara nilimlaza nyumbani kwangu mwalimu mpya kutoka Musoma aliyeshushwa Nanyamba saa moja usiku, akiwa na barua ya Nanyumbu, na siku zake 14 za kuripoti zilikuwa zimebaki mbili. Herufi mbili zilimrudisha barabarani safari ya siku nzima.

Tazama pia neno linalofuata jina. Newala ina Halmashauri ya Mji na ya Wilaya, Masasi vilevile. Unaripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri iliyotajwa kwenye barua, ndipo unapangiwa kituo. Usiende moja kwa moja shuleni au zahanati. Beba vyeti halisi pamoja na nakala zake, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na picha ndogo za kutosha. Na pesa ya kula miezi miwili, kwa sababu mshahara wa kwanza hauna haraka kama wewe.

Hatua ya 4: Gawa pesa mafungu matano

Niliondoka nyumbani na laki tisa, za kushona sare miaka miwili. Bei za leo zitakuwa zimebadilika, wewe chukua mgawanyo tu. Nauli, kulala Dar es Salaam usiku mmoja na chakula cha njiani: laki moja na nusu. Chumba cha 40,000 kwa miezi mitatu: laki moja na ishirini, na dalali mwezi mmoja juu yake. Godoro, ndoo, jiko, sufuria, chandarua: laki moja na ishirini. Chakula cha miezi mitatu: laki tatu.

Iliyobaki ilikuwa laki moja na sabini. Hilo ndilo fungu la tano, nauli ya kurudi, na nililiweka benki kwenye akaunti isiyo na kadi. Sikumwambia mtu. Watu wazima watakwambia kuweka nauli ya kurudi ni kujitabiria kushindwa. Mimi nasema ndiyo iliyonifanya nikae, kwa sababu mwezi wa pili nilipolia usiku nilijua silii kwa kukwama.

Nauli halisi zitafute LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hutangaza nauli elekezi kwa kila njia. Ukishaijua, mpiga debe hakuongezei kitu.

Hatua ya 5: Njia

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, safari ya mchana mzima. Mabasi mengi ya Kusini hupita Mbagala, kwa hiyo ukitokea mikoani na kushukia stendi ya Magufuli pale Mbezi, jua kwamba kati ya Mbezi na Mbagala kuna foleni inayoweza kula saa mbili. Usipange kuunganisha basi siku hiyo hiyo. Wa Ziwa wanaweza kushukia Dodoma wakapanda treni ya SGR, iliyoanza kwenda huko mwaka 2024, lakini yenye masharti ya mizigo. Mwenye magunia akae kwenye basi.

Njia inapita Kibiti, inavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lenye karibu kilomita moja, inafuata Somanga, Nangurukuru, Lindi. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa kivuko, na mzee yeyote wa huku ana hadithi ya kulala Ndundu akingoja maji yapungue. Hadithi hizo hazijaisha zote. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Ndiyo sababu nyingine ninayosisitiza Juni. Ukilazimika kusafiri Machi hadi Mei, piga simu kwa wakala wa basi siku moja kabla, uliza habari za Somanga, na beba maji na mkate wa ziada.

Baada ya Lindi kuna Mingoyo, wengine huita Mnazi Mmoja. Hapo njia inagawanyika, moja Mtwara, nyingine Masasi. Anayekwenda Ndanda, Masasi au Mangaka apande basi la Masasi tangu Dar es Salaam, asifikishwe Mtwara bure.

Na kama unatoka Mbeya, Njombe, Iringa au Songea, achana na Dar es Salaam kabisa. Kuna lami kutoka Songea kupita Namtumbo na Tunduru hadi Masasi. Watu wengi wa Nyanda za Juu hawajui hilo, wanazunguka nchi nzima.

Barabara ya uwandani, Mtwara kwenda Tandahimba, Newala hadi Masasi, lami yake ya kwanza ilifika Mnivata, na kipande kinachobaki kimekuwa kikijengwa. Mvua zikinyesha, uliza kwanza.

Hatua ya 6: Mzigo uwe mdogo kuliko unavyodhani

Niliacha meza ya cherehani nikabeba kichwa chake tu, nimekipakata kutoka Sengerema kama mtoto mchanga. Meza alinitengenezea seremala wa Mtwara. Kitanda pia usibebe. Huku mninga upo, mkongo upo, mafundi wapo. Beba zana ya kazi yako, vyeti, shuka, na nguo nyepesi. Chandarua nunua hapa hapa, ila siku ile ile unayofika.

Wenye mzigo mkubwa, malori yanayopeleka saruji mikoani mara nyingi hurudi Mtwara matupu. Dereva anaweza kukuchukulia kwa bei nzuri. Piga picha namba ya gari, piga picha kila furushi, andikishianeni, na lipa nusu, nusu nyingine mzigo ukishuka.

Hatua ya 7: Chumba

Hapa ndipo niliumia. Nikiwa bado Sengerema nilipata namba ya dalali kupitia mtu wa mtu. Akanitumia picha: chumba kina vigae, dirisha la aluminiamu, maji ndani. Akaomba 60,000 ya "kushikia" kwa sababu kuna wengine wanakitaka. Nikatuma. Nilipofika tulikutana watu watatu mlangoni, kila mmoja na picha zile zile kwenye simu yake, na mwenye nyumba akishangaa anapangisha lini. Namba ya dalali ikawa haipatikani. Mmoja wa wale watatu, dada wa kutoka Tanga, ndiye tuliyepanga naye nyumba moja miezi minane.

Kwa hiyo usitume hata mia. Fikia gesti ya kawaida siku tatu hadi tano, hesabu gharama hiyo ndani ya nauli. Tembea mwenyewe kwa miguu asubuhi na jioni. Mtwara Mjini, Shangani ni kwa wenye mishahara mikubwa. Kijana anayeanza atazame Magomeni, Majengo, Chikongola au Chuno, kutegemea kazi yake iko wapi. Muulize muuza genge, muulize mama lishe. Vyumba vingi vya huku havina dalali, vina kibao tu cha chaki au havina kabisa.

Ukikipata, tazama juu kwanza. Kama kuna bati tupu bila dari, ingia saa nane mchana usimame dakika tano. Usipoweza kusimama hutaweza kulala. Kisha maswali. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kisima kama kipo, onja, vingine vina chumvi. Luku ni yako au mnachangia wangapi, na kati yao kuna mwenye friji la kuuza barafu? Choo kinasafishwa kwa zamu ya nani?

Uwandani swali la maji linatangulia hata kodi. Newala na Tandahimba nyumba nyingi zimejengewa kisima cha sementi cha kukingia maji ya mvua kutoka batini. Nyumba yenye kisima kikubwa na mwenye nyumba anayeruhusu wapangaji kuchota ina thamani kuliko nyumba yenye vigae. Kufikia Septemba, wasio nacho wananunua maji kwa ndoo, na hapo ndipo utajua chumba cha bei rahisi kilikuwa ghali.

Mwenye nyumba ataomba kodi ya miezi sita. Mjibu hivi: "Mama, nikupe mitatu sasa, mitatu Oktoba." Wengi hukubali, kwa sababu Oktoba huku ni mwezi wa watu wote kulipana. Lakini ukishasema Oktoba, lipa Oktoba. Andikishianeni, na nakala moja ibaki kwako.

Hatua ya 8: Jitambulishe kabla hujatambulishwa

Ndani ya wiki ya kwanza nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Ukija na barua ya utambulisho kutoka mtaa wako wa zamani unamaliza kwa dakika kumi. Barua ya mtaa mpya utaihitaji benki, polisi, hata kwenye kikundi cha kukopeshana.

Kwenye vijiji vya kando ya Ruvuma jambo hili si la hiari. Tangu mashambulizi ya Kitaya ya Oktoba 2020, yaliyotoka upande wa Msumbiji, mgeni asiyejulikana anaulizwa, na wenyeji wana haki ya kumuuliza. Tembea na kitambulisho cha taifa, lala mahali ambapo mtendaji anajua umelala.

Hatua ya 9: Kaa na watu

Nilipotaja kwamba ni Msukuma, jambo la kwanza nililoulizwa mtaani ni, "Ng'ombe umewaacha wapi?" Nilicheka, kumbe nusu ya swali ilikuwa kweli. Baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu miaka ya 2006 na 2007, wengi waliletwa Lindi na mifugo yao, na mpaka leo kuna vijiji ambako ng'ombe na shamba havijaelewana. Ukitoka Kanda ya Ziwa beba jibu la upole. Mimi nilijibu, "Ng'ombe wangu ni huyu," nikaonyesha cherehani. Jina likanishika: Mama Ng'ombe, kabla sijawa mama wa mtu.

Salamu huku hazikatwi. Usimwendee mtu na "Eti, stendi iko wapi?" Shikamoo kwanza, habari za asubuhi, za nyumbani, ndipo stendi. Mwanzoni niliona napotezewa muda. Baadaye nikagundua maagizo yangu mengi ya kushona yanakuja kutoka kwa watu niliowasalimia tu.

Pwani na hata uwandani Waislamu ni wengi. Ukifika mwezi wa Ramadhani, mama lishe wengi hufunga mchana, basi jipikie ndani na usile barabarani. Upande wa Masasi na Ndanda Ukristo una mizizi ya zamani, Waanglikana na Wakatoliki. Pande zote mbili hualikana sikukuu.

Halafu kuna jando na unyago. Watoto wakitoka, ngoma inapigwa, jamaa wanakusanyika, na wewe jirani utaalikwa. Nenda. Vaa kanga, kutunza mwali ni kwa uwezo wako hata kwa elfu moja, na yale yanayofanyika ndani usiulize wala usipige picha. Kwangu mimi fundi, ngoma ni sare: akina mama thelathini wa kitambaa kimoja. Ukifahamiana na kungwi mmoja umepata wateja wa mwaka.

Wamakonde, Wamakua na Wayao wana utani wao. Wewe mgeni ucheke, usichangie mpaka ukaribishwe. Chakula nacho kina lugha yake. Kula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi bila kukunja uso, na ukiletewa ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa barabarani, chovya kwenye chumvi na pilipili uendelee na mazungumzo. Ukisikia mtu anasema "Mtwara kuchele", anakwambia kumekucha, usijibu "kucheleweshwa" kama nilivyojibu mimi.

Hatua ya 10: Malaria

Mtwara na Lindi ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini. Homa yoyote ya wiki za mwanzo, kapime siku hiyo hiyo, usisingizie kuchoka safari. Mtwara Mjini kuna Hospitali ya Ligula na ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Njia ya Masasi kuna Ndanda, Lindi kuna Nyangao, za misheni zote mbili, za miaka mingi. Kama una bima, uliza mapema kituo cha karibu kinachoipokea.

Hatua ya 11: Mwaka wa kwanza usinunue korosho wala shamba

Ukiwa na mtaji kidogo, Septemba atakuja mtu mwenye shida. Mtoto anaumwa, ada imekwisha, anakuuzia korosho zake kwa kibaba zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Hiyo inaitwa kangomba. Ni kosa kisheria, mzigo unataifishwa, na hata usipokamatwa, mtaa utakujua kwa jina hilo. Nimemwona kijana mwenye akili timamu akifunga duka la simu kwa sababu ya magunia manne.

Shamba ni hadithi ndefu zaidi. Huku ukoo wa jamaa wengi unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti. Anaweza kukuuzia baba, mkatiana saini, kisha wajomba wakatokea na mikorosho yao. Mikorosho nayo inakodishwa kwa msimu, au inawekwa rehani, kwa hiyo shamba unaloliona halina mtu linaweza kuwa na watu watatu wanaolidai. Subiri mwaka. Ukiwa tayari, keti na wajomba, na mauzo ya ardhi ya kijiji yapite kwenye halmashauri ya kijiji, si kwa mwenyekiti peke yake nyumbani kwake usiku.

Ukienda nyumbani mara ya kwanza

Ile laki moja na sabini niliitoa mwezi wa 14, nikaenda Sengerema kumchukua mdogo wangu. Watakutegemea na korosho, na usipozibeba hawataamini ulikuwa Kusini. Nunua zilizobanguliwa, kwa vikundi vya akina mama vinavyobangua na kukaanga, utapata nzima kwa bei ya haki. Uliza kama ni za msimu huu, onja moja: ya zamani ina ukakasi wa mafuta yaliyochacha. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwa sababu unyevu wa Ziwa utazilainisha ndani ya wiki. Ghafi usibebe hata kilo mbili za kuonyesha watoto. Zitakushusha kwenye basi getini, pale mazao yanapokaguliwa, na konda hatakungoja.